Kupima sumu ya tope la mito ya Lubumbashi, hatua kwa hatua

Maji ya mto hupita. Ukiyapima asubuhi na kuyakuta safi, jioni bomba la kiwanda likifunguliwa yanakuwa maji mengine kabisa. Tope hubaki. Shaba, kobalti, zinki, risasi na kadimi zinazoshuka kutoka viwandani, kwenye marundo ya slagi (mabaki ya kuyeyusha madini) na kwenye vumbi la malori hazielei kwa muda mrefu. Hushika chembe laini za udongo, huzama nazo, na hukaa pale miaka mingi. Anayelima lenga-lenga (mchicha) kando ya mto Lubumbashi na anayechota mchanga wa kujengea katika Kafubu wanaishi na tope hilo kila siku, kwa hiyo tope ndilo la kupimwa.

Huku kwetu Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, kuna ugumu ambao miongozo ya nchi nyingine haiujui: ardhi yenyewe ina shaba. Kuna vilima ambako miti haioti kwa sababu ya shaba iliyomo udongoni tangu zamani, na panaota mimea michache tu inayoivumilia, kama ule unaoitwa kitaalamu Haumaniastrum katangense. Ndiyo maana ukienda na karatasi ya maabara inayosema shaba ni nyingi, utajibiwa: "Hapa ni asili." Jibu hilo linaweza kuwa kweli, linaweza kuwa uongo, na namba moja ya maabara haina uwezo wa kuamua. Kila hatua iliyo hapa chini inalenga kuliamua jibu hilo kwa haki.

Njia tutakayofuata ilielezwa mwaka 1985 na Edward Long na Peter Chapman, waliokuwa wakichunguza mashapo, yaani tope na mchanga uliotua chini ya maji, ya Puget Sound, mlango mkubwa wa bahari kaskazini-magharibi mwa Marekani. Walisema usihukumu tope kwa kemia peke yake. Kusanya ushahidi wa aina tatu kutoka mahali palepale: kiasi cha metali kilichomo, viumbe wanaoishi humo, na kinachompata kiumbe mzima akiwekwa ndani ya tope hilo maabarani. Aina zote tatu zikisema jambo moja, una kesi. Zikipingana, bado una kazi.

Nimewaandikia wanafunzi, walimu wa sekondari, kamati za karitie (mtaa) na vikundi vya walimaji. Sehemu kubwa ya kazi hii inawezekana bila vifaa vya bei kubwa.

Hatua ya 1: Andika swali, chora njia ya tope

Andika swali kwa sentensi moja kabla ya kushika koleo. Kwa mfano: "Je, tope la Kafubu chini ya makutano yake na mto Lubumbashi lina madhara kwa viumbe kuliko tope la juu, na je, madhara hayo yanatokana na metali?" Hilo ni swali la tope. "Je, mboga zetu zinaliwa bila wasiwasi?" ni swali jingine, linalohitaji kupima udongo wa shamba, maji ya kumwagilia na majani yenyewe. Usiahidi kulijibu kwa sampuli za mtoni.

Kisha chora ramani kwa mkono. Mto Lubumbashi unapita kando ya kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza kazi mwaka 1911, penye dohani na mlima wa slagi, kisha unaingia Kafubu. Kafubu tayari imepokea maji ya upande wa Kipushi, mgodi wa zinki na shaba. Mashariki mwa mji kuna Naviundu. Kafubu inamwaga kwenye Luapula, Luapula inaingia ziwa Mweru, na kutoka huko maji yanafuata Luvua, Lualaba na mto Kongo hadi bahari ya Atlantiki pale Banana. Tia alama kila mahali panapoweza kuingiza uchafu: viwanda, mifereji ya maji machafu ya mji, gereji, depo za kununulia madini, sehemu za kuchotea mchanga. Waulize wazee wa karitie na mama wanaofua mtoni mahali maji yanapobadilika rangi, na ni siku zipi. Wanajua mambo ambayo ramani hazina.

Hatua ya 2: Chagua vituo, hasa kile cha kulinganishia

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo usiwe na haraka.

Unahitaji vituo vilivyo karibu na chanzo unachokishuku, vituo vya chini yake ili uone uchafu unafika wapi, na kituo cha kulinganishia ambacho hakijaguswa. Watu wengi huchukua tope la juu ya mto na kuridhika. Kwa Lubumbashi hilo halitoshi, kwa sababu metali za kiwanda cha kuyeyushia hazikusafiri kwa maji tu, zilisafiri pia kwa moshi. Upepo mkuu hutoka kusini-mashariki, hivyo kilichotoka dohani kiliangukia zaidi upande wa kaskazini-magharibi wa kiwanda. Kijito kinaweza kuwa juu kabisa ya mto, mbali na bomba lolote, na bado kikawa kinapokea mvua iliyosafisha udongo wenye masalio ya moshi huo. Ukikitumia kama kipimo cha usafi, utakuwa umelinganisha uchafu na uchafu, na kampuni itakushinda kwa karatasi yako mwenyewe.

Kituo kizuri cha kulinganishia kina sifa nne: kiko nje ya njia ya moshi, hakipokei maji ya kiwanda wala ya mji, kinapita kwenye mwamba wa aina ileile, na tope lake lina ulaini uleule. Sifa ya tatu ndiyo inayojibu hoja ya asili. Kama mto unaouchunguza unapita kwenye miamba yenye shaba, kituo cha kulinganishia nacho kipite kwenye miamba hiyo. Tafuta viwili au vitatu, usitegemee kimoja. Ikiwa metali ni za mwamba, zitaonekana huko pia. Ikiwa hazionekani, hoja ya asili imepoteza nguvu.

Ulaini ni muhimu kwa sababu metali hushika chembe ndogo, hasa zilizo chini ya mikromita 63 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), pamoja na masalio ya majani na kutu ya chuma na manganizi. Mchanga safi haubebi kitu kikubwa. Ukichukua mchanga juu na tope laini chini, utaona tofauti kubwa ambayo haihusiani na kiwanda chochote. Tafuta mahali mto unapopunguza mwendo: upande wa ndani wa kona, nyuma ya kisiwa cha mchanga, kwenye makutano, na zaidi ya yote pale unapoingia ziwani. Ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira mwaka 1930, ni mfano wa ghala la tope la namna hiyo. Delta ya Luapula kule Mweru ni nyingine.

Anayefanya kazi kwenye mlango wa bahari, kule Banana na Muanda, aongeze jambo moja: chumvi. Maji matamu yanapokutana na ya chumvi, chembe za udongo hugandamana na kuzama, kwa hiyo tope hujaa mahali hapo. Chumvi hiyohiyo huweza kuing'oa kadimi kutoka kwenye chembe na kuirudisha majini. Pima chumvi ya maji yaliyomo ndani ya tope lenyewe, andika hali ya kujaa na kupwa, na kwa majaribio ya sumu tumia viumbe wanaovumilia chumvi hiyo. Hatua nyingine hazibadiliki sana.

Katika kila kituo chukua sampuli kutoka sehemu tatu au zaidi zilizoachana kwa mita kadhaa, na usizichanganye zote kuwa moja. Tofauti kati yao ndiyo itakayokuonyesha kama tofauti kati ya vituo ni ya kweli.

Hatua ya 3: Ruhusa, usalama, vyombo

Mwone chefu wa karitie au wa kijiji kwanza, umweleze kazi na umwachie nakala ya ramani. Usiingie ndani ya eneo la kampuni bila barua. Chukua sampuli kwenye mto wenyewe, nje ya uzio. Vaa buti ndefu na glavu, maana kichocho kipo kwenye maji yetu, na karibu na mitaro ya viwanda maji yanaweza kuwa na asidi. Nendeni wawili au zaidi.

Vyombo visiwe vya bati wala vya mabati, kwa sababu mabati yamepakwa zinki. Tumia kijiko kikubwa cha plastiki, beseni la plastiki, mifuko mipya mizito ya nailoni, na bomba la PVC la upana wa sentimita 5 hadi 7 kwa kuchukua nguzo ya tope. Kwenye kina kirefu utahitaji koleo la kushushia kwa kamba, la aina ya Ekman au Van Veen, ambalo unaweza kuliazima idara ya chuo kikuu. Vyombo vya kazi ya metali vilowekwe kwenye asidi nitriki ya asilimia 10, kisha vioshwe kwa maji yaliyotoneshwa. Asidi hiyo iachwe mikononi mwa mwenye mafunzo ya maabara.

Hatua ya 4: Siku ya kuchukua

Nenda kiangazi, kati ya Mei na Septemba, maji yakiwa yametulia. Rudi baada ya mvua kubwa za kwanza, ambazo huosha mji mzima na kuushusha mtoni. Ukienda mara moja tu, nenda kiangazi.

Anza na kituo cha kulinganishia na umalizie na kile unachokishuku zaidi, ili usibebe uchafu kuupeleka mahali safi. Simama upande wa chini wa mkondo na usogee ukielekea juu, miguu yako isivuruge tope unalolitaka. Kabla ya kuligusa, pima pH ya maji (ukali wa asidi yake), joto, hewa iliyoyeyuka na uwezo wa kupitisha umeme. Andika saa, alama za GPS, kina, rangi na harufu. Harufu ya yai bovu si jambo dogo: inaonyesha kwamba chini hakuna oksijeni na kuna sulfidi, yaani misombo ya salfa. Sulfidi hufunga shaba, zinki, risasi, kadimi na nikeli zisiwafikie viumbe. Tope hilo likivurugwa, mathalani na wachota mchanga, oksijeni huingia na sehemu ya metali hufunguliwa. Kwa hiyo tope jeusi lililotulia huenda lisiue leo, na likaua siku litakapochimbwa. Liandike hivyo kwenye daftari.

Chukua sentimita 5 za juu, ambazo ndimo wadudu wanamoishi na ndizo zilizoingia karibuni. Nguzo ndefu, inayokatwa vipande vya sentimita 2, inaweza kusimulia historia ya uchafu tangu kabla ya 1911, lakini mahali palipotulia tu, kama ziwani. Mtoni, mafuriko na koleo za wachota mchanga zimeshachanganya kurasa.

Kwa kila sehemu weka pembeni gramu 200 au zaidi za kemia, na kwa kila kituo lita 2 hadi 4 za majaribio ya sumu. Toa mawe na vijiti kwa mkono wenye glavu. Jaza mfuko wa majaribio hadi juu, hewa isibaki, uufunge na uuweke kwenye sanduku la barafu. Joto linalotakiwa ni nyuzi 4. Tope la kemia unaweza kuligandisha. La majaribio ya viumbe usiligandishe, kwa sababu kugandisha hulibadilisha. Lianze kupimwa ndani ya wiki 2 ikiwezekana, na usivuke wiki 8. Umeme ukikatika, barafu ya ziada ndiyo inayookoa kazi, kwa hiyo inunue kabla ya safari.

Hatua ya 5: Kemia

Kausha tope la kemia ndani ya chumba kilichofungwa, kwa joto lisilozidi nyuzi 40. Usilianike uani karibu na barabara ya malori, wala karibu na depo ya madini, kwani vumbi letu lina kobalti na shaba ya kutosha kuharibu sampuli ya kulinganishia ambayo umeihangaikia. Lipondeponde taratibu, ulichuje kwa chujio la nailoni la mikromita 63, na upime kilichopita.

Watu wengi watakuambia: kwa nini usitumie Metorex, ile mashine ya mkononi ya wanunuzi wa madini? Mashine za miale za aina hiyo ni nzuri kwa kutafuta mahali palipochafuka sana, na kwa shaba, zinki na risasi zinasaidia kweli. Ila ujue mipaka yake. Tope bichi husomeka pungufu, kwa hiyo kausha kwanza. Kadimi huanza kuua kwa kiasi kidogo ambacho mashine nyingi hazikioni. Na kobalti, ambayo ndiyo tunayoitaka, miale yake iko karibu sana na ya chuma, na udongo wetu mwekundu umejaa chuma. Mashine inaweza kukupa kobalti isiyokuwepo. Tumia Metorex kuchagua sampuli, kisha zilizochaguliwa zipeleke maabara yenye AAS au ICP, mashine zinazopima hata kiasi kidogo sana cha metali.

Iambie maabara wazi unachotaka: kuyeyusha kwa mchanganyiko wa asidi hidrokloriki na nitriki, kisha kupima shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimi, aseniki, nikeli, manganizi, chuma na aluminiamu, pamoja na kaboni ya viumbe. Dai pia namba za udhibiti: sampuli tupu (asidi pekee bila tope), sampuli iliyopimwa mara mbili, na mashapo ya rejea yenye kiasi kinachojulikana. Maabara ikikataa kukupa namba hizo, tafuta nyingine. Matokeo yasiyo na udhibiti hayafai kupelekwa kwa mtu yeyote.

Hatua ya 6: Kuzisoma namba

Mwaka 2000 Donald MacDonald na wenzake walikusanya viwango vya mashapo ya maji matamu na kutoa namba mbili kwa kila metali. Chini ya namba ya kwanza madhara si ya kutarajiwa. Juu ya ya pili yanatarajiwa. Kwa miligramu katika kilo moja ya tope kavu: shaba 31.6 na 149, zinki 121 na 459, risasi 35.8 na 128, kadimi 0.99 na 4.98, aseniki 9.79 na 33, nikeli 22.7 na 48.6. Kobalti haimo katika orodha hiyo. Metali inayoujaza mji wetu malori haina kiwango pale, na ndiyo sababu mojawapo ya kutokubali kuishia kwenye kemia.

Tuchukue mfano wa kubuni: tope lenye shaba 600, zinki 900, risasi 200, kadimi 6. Gawa kila moja kwa namba yake ya pili: 4.03, 1.96, 1.56, 1.20. Wastani ni 2.19. Uzoefu wa watafiti ni kwamba wastani ukizidi 0.5 tope hilo lina uwezekano mkubwa wa kuwa na sumu. Hapa umezidi mara nne.

Sasa ije hoja ya asili. Kipimo cha Müller cha mwaka 1969 kinachukua kiasi ulichokikuta, kinakigawa kwa 1.5 mara kiasi cha asili, kisha kinatafuta logi ya jibu katika msingi wa 2. Ukiweka shaba 45 kama asili, ambayo ni wastani wa mwamba wa tope duniani, jibu ni 3.15: uchafuzi mkali. Ukiweka 120, tuseme ndiyo uliyoikuta kwenye kituo chako cha kulinganishia, jibu ni 1.74: uchafuzi wa wastani. Tope ni lilelile, na hukumu mbili zinatofautiana. Aliyetumia wastani wa dunia ameikuza kesi yake, na atakayemjibu ataibomoa kwa dakika moja. Tumia namba yako ya hapa, hata kama inapunguza ukali wa jibu. Kinachobaki baada ya hapo hakibomoki.

Watafiti wengine hugawa kila metali kwa chuma ili kusawazisha tofauti za ulaini. Karibu na kiwanda chetu usifanye hivyo, kwani slagi ya shaba yenyewe imejaa chuma. Tumia aluminiamu. Na kumbuka kwamba aluminiamu ya udongo haiyeyuki yote kwenye asidi hizo mbili, kwa hiyo ulinganishe sampuli zilizoyeyushwa kwa njia moja tu.

Hatua ya 7: Uliza wanaoishi humo

Hii ndiyo hatua nafuu kuliko zote, na naipenda kwa sababu mtoto wa shule anaweza kuifanya vizuri. Shika wavu wenye matundu madogo, vuruga tope, mawe na mimea ya ukingoni kwa dakika chache zilezile kila kituo, mwaga kwenye sahani nyeupe na uhesabu aina za viumbe. Afrika Kusini wana njia ya raia iitwayo miniSASS, yenye makundi 13 ya viumbe na alama zake, na jirani zetu wa Zambia wana mfumo wao uitwao ZISS, ulio karibu zaidi na mito yetu.

Wadudu wachanga wa kundi la Efemeroptera, wenye mikia mirefu (mara nyingi mitatu) na matamvua ya kupumulia pembeni mwa tumbo, hawavumilii metali. Wakiwa wengi juu na hawapo kabisa chini ya bomba, hilo ni neno zito. Wakibaki minyoo wekundu tu na lava wekundu wa kironomidi (visubi wanaofanana na mbu lakini hawaumi), mto umeumizwa, lakini hapo usikimbilie kusema ni metali: maji ya choo nayo huacha picha inayofanana na hiyo kwa kumaliza oksijeni. Ndiyo maana ulipima oksijeni siku ile. Linganisha pia makazi: mahali pa mawe na mahali pa tope tupu hapana wakazi sawa hata pakiwa safi.

Hatua ya 8: Jaribio la sumu

Kipimo kinachokubalika duniani ni kuweka lava wa kironomidi 10 kwenye chombo chenye mililita 100 za tope na mililita 175 za maji juu yake, vyombo 8 kwa kila sampuli, kwa nyuzi 23, siku 10, kisha kuhesabu waliobaki hai na kuwapima uzito. Kwenye tope safi la kulinganishia angalau asilimia 70 wabaki hai. Pungufu ya hapo, jaribio zima linatupwa. Usiagize kamba wadogo wa Amerika waitwao Hyalella azteca, hata kama vitabu vingi vinawasifu. Wakitorokea mitoni kwetu tutakuwa tumeongeza tatizo. Afadhali mayai makavu ya ostrakodi (kiumbe mdogo wa majini mwenye gamba la vipande viwili) Heterocypris incongruens, yanayouzwa tayari kwa jaribio la siku 6 la kugusana na tope moja kwa moja.

Kikundi kisicho na maabara kianze na vitunguu. Changanya ujazo mmoja wa tope bichi na maji ya ujazo huo mara nne, koroga dakika 30, acha litulie saa moja, mimina maji ya juu kwa uangalifu. Weka vitunguu vidogo vya ukubwa mmoja, vilivyomenywa maganda makavu, kitako kikigusa maji hayo, gizani, kwa saa 72. Weka pia vitunguu kwenye maji ya tope la kulinganishia na kwenye maji matupu. Pima urefu wa mizizi. Shaba huikatisha mizizi ya kitunguu upesi sana. Tumia vitunguu 5 au zaidi kwa kila maji, na anayepima mizizi asijue ni ya kituo kipi. Maji ya bomba yana klorini: yaache wazi siku nzima kabla ya kuyatumia, au tumia ya chemchemi safi.

Kitunguu kinajibu kuhusu kilichoyeyuka tu, hakijibu kuhusu mnyoo anayemeza tope lenyewe. Kichukulie kama mlango wa kuingilia, kisha utafute chuo cha kushirikiana nacho kwa lava au ostrakodi.

Hatua ya 9: Nani anaua?

Tope likiua, tafuta muuaji kabla ya kumtaja. Mshukiwa anayesahaulika zaidi ni amonia ya maji machafu ya mji. Ipime ndani ya maji ya tope. Kisha rudia jaribio kwenye mafungu manne: moja kama lilivyo, moja lenye zeolaiti inayonyonya amonia, moja lenye unga wa mkaa wa kifuu cha nazi unaonyonya mafuta na viuatilifu, na moja lenye rezini inayoshika metali. Fungu ambalo viumbe wake wanapona ndilo linalokuonyesha muuaji. Yakipona mawili, kuna wauaji wawili, na katika mji kama wetu jambo hilo si la kushangaza. Weka pia kila dawa kwenye tope safi, uone kama dawa yenyewe haidhuru.

Kwa shaba, zinki, risasi, kadimi na nikeli, maabara kubwa zinaweza pia kulinganisha metali zinazofunguka kwa asidi baridi na sulfidi zinazozifunga. Sulfidi zikizidi, metali hizo tano si za kulaumiwa kwa leo.

Hatua ya 10: Andika, na upeleke

Kemia iko juu ya kituo cha kulinganishia, wadudu wamepungua, viumbe wamekufa maabarani, na rezini ya metali imewaokoa: andika kwamba tope limeharibiwa na metali zilizoingizwa, na utaje mpaka wa eneo. Kemia iko juu lakini wadudu wapo na hakuna kifo: metali zimefungwa, eneo lilindwe lisichimbwe, lipimwe tena. Kemia iko chini na viumbe wanakufa: kuna kitu hukukipima. Wadudu hawapo na mengine yote ni safi: angalia oksijeni na makazi. Yaandike hayo kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, ukurasa mmoja kwa wakazi na ripoti kamili kwa ofisi, namba za udhibiti zikiwemo. Usitaje kampuni kama ushahidi wako unaishia kwenye mto. Taja kituo, umbali na mwelekeo wa mkondo.

Ripoti hiyo ina mahali pa kwenda. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inamtaka mwenye kibali kufidia madhara ya kazi zake hata pasipo kosa, na mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walikuta kwenye mkojo wa wakazi wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga kobalti nyingi kuliko iliyowahi kuripotiwa kwa watu wasiofanya kazi hizo. Peleka nakala kwa ofisi ya mazingira ya jimbo, kwa komini, kwa chefu wa karitie uliyeanza naye, na kwa walimaji waliokuonyesha mahali maji yanapobadilika rangi. Waeleze kwa mdomo, ana kwa ana, wakuulize maswali.

Kila sampuli iliyokauka igawe mara mbili, nusu ifungwe na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi, na ihifadhiwe mahali pakavu pasipo vumbi. Ofisi au kampuni ikipinga namba zako, wape sehemu ya nusu hiyo waipime kwenye maabara wanayoiamini wao.